Sekondari nilikuwa kinara, chuoni ninazama

Shikamoo Mjomba,

Naomba unisitiri jina. Mimi ni msichana wa miaka 19, niko mwaka wa kwanza chuo kikuu na muhula wa kwanza umeshavuka katikati. Sekondari nilikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza tangu nilipoingia hadi nilipomaliza. Sisemi kwa majivuno, nataka tu ujue nilikotoka ili uelewe kwa nini sasa sijielewi.

Kule maisha yangu yaliongozwa na kengele. Kengele ya kuamka, ya mstarini, ya kipindi, ya mapumziko, ya prepo, ya kulala. Usipoonekana darasani kiranja anaandika jina, na kabla ya adhuhuri mwalimu wa zamu ameshakuita ujieleze. Nililalamika kama wenzangu wote na nilitamani sana siku ya kuwa huru. Sasa niko huru, na uhuru wenyewe umenishinda.

Ratiba yangu ina saa 14 za vipindi kwa wiki. Jumatano sina hata kimoja. Mwanzoni nilifurahi mno. Nikawa nalala hadi jua linakuwa kali, mchana tunapiga soga bwenini, najiambia nitasoma jioni. Jioni ikifika najiambia nitaamka alfajiri. Kipindi cha takwimu cha asubuhi nikaanza kukikosa, nikangoja kuitwa. Hakuna aliyeniita. Nikakosa tena, kimya. Ukumbini tuko zaidi ya 300. Mhadhiri anaingia, anazungumza, anaondoka; sidhani hata kama anajua nipo.

Jaribio la kwanza la takwimu nimepata 31 kwa 100. Usidhani sikusoma kabisa. Nilizisoma notisi zote mara tano, nikazipiga mistari ya rangi, nikakesha usiku wa kuamkia jaribio. Nilipoingia chumba cha mtihani nilikuwa na uhakika. Maswali yalipokuja hayakufanana na chochote nilichokariri.

Kilichoniumiza zaidi ni insha ya sosholojia. Niliiandika kama nilivyozoea: nikachukua kitabu alichotutajia mhadhiri, nikatoa humo hoja zote nzuri, nikazipanga vizuri moja baada ya nyingine. Imerudi na sifuri, na maneno mekundu pembeni: "Haya ni ya mwandishi. Ya kwako yako wapi?" Nimeitwa pia na kuonywa kuhusu wizi wa maandishi. Mjomba, mimi sijawahi kuiba hata kalamu! Sekondari ukiandika kama kitabu kilivyosema unapata alama zote.

Kuna na kazi ya kikundi. Tuko watano, naifanya mimi, wao wanaongeza majina.

Mama hunipigia kila Jumapili, nami namwambia niko vizuri. Ameanza kuhisi. Juzi amesema atampigia mkuu wa kitivo aulize maendeleo yangu, kama alivyokuwa akimpigia mwalimu mkuu. Nimeshikwa na hofu. Mwenzangu wa chumbani ananiambia nizoee, hapa kila mtu na lwake, na kwamba vinara wa sekondari ndio wa kwanza kuanguka. Nimeanza kuamini kwamba alama zangu za zamani zilikuwa za bahati na chuo hakinifai. Je, niache? Nimwambie mama? Na naanzia wapi, maana mtihani wa mwisho umebakiza wiki sita?

Kinara aliyezama

JIBU

Marahaba mpwa wangu,

Nianze na swali la kuacha, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Usiache, angalau si kwa sababu hizi. Mtu huacha kozi kwa sababu haimfikishi anakotaka kwenda, au haipendi tena, au afya ama ada vimemkatalia. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema hulipendi unalolisoma. Hata hiyo insha, kinachokuuma ni kwamba uliiandika kwa bidii na bado ikakataliwa. Asiyejali haumwi hivyo.

Halafu tupige hesabu kidogo, kwa kuwa aliyepata 31 mara nyingi huona 31 hiyo kama alama yake ya mwisho. Tazama muhtasari wa kozi ya takwimu, ile karatasi mliyopewa wiki ya kwanza ambayo wengi huikunja na kuisahau. Humo imeandikwa jaribio lina uzito gani. Tuseme linabeba asilimia 20 ya kozi nzima. Alama zako 31 kwa 100 zinakuwa 6.2 kati ya hizo 20. Umepoteza 13.8. Ikiwa pasi ni 50, unahitaji 43.8 kutoka katika 80 zilizobaki, sawa na asilimia 55 hivi ya kila kitakachofuata. Si alama za kinara, lakini zinafikika. Weka uzito halisi wa kozi yako uone unasimama wapi. Ukikuta jaribio lilibeba asilimia 40, hali ni nzito zaidi na ni vizuri ujue leo.

Sasa hilo la bahati. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake waliofanikiwa sana kimasomo na kikazi ambao, pamoja na vyeti vyote, waliamini wamewalaghai watu na siku yoyote wataumbuliwa. Kwa hiyo unachokisikia moyoni kimeshawapata wengi waliokuwa na akili nyingi tu, wala hakithibitishi kwamba huna. Alama zako za sekondari zilikuwa za kweli. Ila zilipima vitu viwili kwa mkupuo: uwezo wako, pamoja na usimamizi wa watu wengine juu yako. Chuoni hicho cha pili kimeondolewa, na bila shaka ndicho kinachokuangusha.

Fikiria mwalimu wako wa sekondari alifanya mangapi usiyoyaona. Aliigawa silabasi kwa wiki ili imalizike kwa wakati. Aliangalia nyuso darasani, akiona mmekunja sura anarudia. Alitoa zoezi leo, kesho akalirudisha limesahihishwa, kwa hiyo hukuweza kukaa na kosa zaidi ya siku mbili tatu. Alikumbusha, alifoka, aliita wazazi. Kengele, kiranja na mwalimu wa zamu walimalizia kilichobaki. Yote hayo yalikuwa kazi, na kazi hiyo chuoni haijafutwa. Amebadilishwa tu wa kuifanya. Ni wewe. Lawama yangu kwa vyuo ni kwamba hulisema jambo hili kijuujuu siku ya kuwapokea wageni, katikati ya hotuba ndefu kuhusu kadi za maktaba na funguo za mabweni.

Usimchukulie mhadhiri kuwa ana roho mbaya. Kazi yake si kufundisha tu. Anafanya utafiti, na mara nyingi anapandishwa cheo kwa utafiti huo. Wazo hili lina historia. Wilhelm von Humboldt, aliyekuwa nyuma ya kuanzishwa kwa chuo kikuu cha Berlin mwaka 1810, alishikilia kwamba chuoni mwalimu hayupo kwa ajili ya mwanafunzi. Wote wawili wapo kwa ajili ya elimu. Vyuo vingi duniani vimeiga mtazamo huo. (Huko nyuma zaidi, katika karne za kati, mambo yalikuwa kinyume: kule Bologna, Italia, wanafunzi ndio waliowaajiri walimu, na mwalimu akichelewa kuanza kipindi au akipitiliza muda alitozwa faini. Enzi hizo usizisubiri.)

Twende kwenye hizo saa 14, kwa maana hapo ndipo ulipopotea njia. Sekondari, ratiba ya vipindi ilikuwa karibu kazi yote. Chuoni ratiba ni sehemu ndogo ya kazi. Nchi nyingi za Ulaya hupima masomo ya chuo kwa mfumo mmoja wa krediti, 60 kwa mwaka, na kila krediti huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Huo ni mwaka wa saa 1,500 hadi 1,800, na humo mihadhara ni kipande tu. Marekani hesabu yao ya kawaida ni kwamba kila saa moja ya darasani inadai saa zisizopungua mbili za kazi nje ya darasa. Kwa saa zako 14 tunaongeza 28, tunapata 42. Hiyo ni kazi ya kutwa ya mtu mzima, wiki nzima. Wewe umekuwa ukifanya theluthi yake ukidhani umemaliza, na hilo si uvivu. Ulisoma ratiba ya chuo kwa macho ya sekondari.

Kwa hiyo Jumatano yako si siku ya mapumziko. Ni siku kubwa kuliko zote ulizonazo, na nadhani ndiyo itakayoamua muhula huu. Iandike kwenye ratiba kama vile ina vipindi: saa ngapi unaanza, umekaa wapi, unafanya nini. Hapo kwenye "nini" uwe mkali. Ukiandika "kusoma takwimu" utajikuta unapekua kurasa hadi usingizi ukuchukue. Ukiandika "maswali saba ya mwisho wa sura ya tatu, bila kuangalia majibu" utajua wakati wa kuondoka kama umemaliza au hujamaliza. Nenda maktaba au darasa tupu. Bwenini kitanda kiko karibu na wenzako wana maneno matamu. Chunga pia yale mapengo ya saa mbili kati ya kipindi na kipindi, maana ndiko saa nyingi za wanafunzi zinakopotelea. Pengo la saa mbili linatosha kuupitia mhadhara uliotoka kuusikia ungali moto kichwani.

Na usijipangie ratiba ya malaika. Ratiba isiyo na jioni moja ya kucheka na wenzio itavunjika wiki ya pili, kisha utaanza kujichukia upya. Acha nafasi.

Lakini saa peke yake hazitoshi, mpwa wangu, kwa sababu ulisoma notisi mara tano na ukapata 31. Hapa nataka unisikilize vizuri. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo. Wote walipewa vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena. Wengine walivisoma, wakavifunika, wakajaribu kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi, na kwa tofauti kubwa. Kitu kingine kilichojitokeza ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka. Ndiyo hali uliyoingia nayo kwenye chumba cha mtihani. Ukisoma ukurasa kwa mara ya tano, macho yanautambua, na kuutambua kunakupa hisia ya kuujua. Mtihani haukuulizi kama unautambua.

Sekondari hatari hii haikukukuta kwa sababu walimu walikupima bila kukuomba ruhusa: swali la ghafla darasani, zoezi, jaribio la mwezi. Sasa jipime mwenyewe. Ukimaliza mada, funga daftari, chukua karatasi nyeupe, andika ulichokielewa mpaka ukwame. Pale ulipokwama ndipo pa kusoma, si ukurasa wote. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, keti uifanye kwa muda wake halisi, kisha mtafute aliyemaliza kozi hiyo mwaka jana mlinganishe majibu. Itakera. Utajiona hujui kitu, wakati kupiga mistari ya rangi kulikufanya ujione unajua. Vumilia.

Kuhusu maswali "yasiyofanana na ulichokariri", hiyo nayo ni tofauti halisi. Sekondari swali lilikuwa: tafuta wastani wa namba hizi kumi. Chuoni utapewa mishahara ya watu kumi, mmoja wao tajiri kuliko tisa wote kwa pamoja, uulizwe kama wastani unaeleza ukweli wa kundi hilo na kama sivyo utumie kipimo gani. Aliyekariri kanuni atakokotoa wastani bila kosa na kupoteza alama karibu zote. Jibu lilitaka aseme kwamba mtu mmoja ameuvuta wastani juu, na kwamba namba iliyo katikati baada ya kuzipanga inaeleza hali ya wengi vizuri zaidi. Basi unapofanya zoezi lolote, baada ya jibu jiulize: kwa nini nimetumia njia hii na si ile nyingine? Ukishindwa kujibu, hilo ndilo swali la kumpelekea mhadhiri.

Kukesha nako uache. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na ubongo hutumia usingizi huo kuyakita uliyojifunza. Uliyoyaingiza saa tisa za usiku uliyapunguzia nafasi ya kukaa.

Tuje kwenye insha. Nakubaliana na mhadhiri kwa uamuzi, ingawa angeweza kukueleza kwa upole zaidi. Sekondari uliulizwa, "Kitabu kinasema nini?" Jibu sahihi lilikuwa kitabu chenyewe, na ulilitoa vizuri ukasifiwa. Chuoni mhadhiri kitabu anacho, pengine alikisoma kabla hujazaliwa. Anachouliza ni wewe umekifanyia nini: mwandishi anadai nini, kwa ushahidi gani, nani anampinga, na wewe baada ya kuwapima wote unaegemea wapi na kwa nini. Insha isiyo na hayo haina jibu hata kama kila sentensi yake ni kweli. Na sentensi za mtu mwingine bila kumtaja zinahesabiwa kuwa wizi hata kama hukuwa na nia mbaya. Nia yako mbona naiamini, lakini karatasi haionyeshi nia.

Jizoeze hivi. Soma kipande, funga kitabu, kisha andika wazo kwa maneno yako kana kwamba unamweleza mdogo wako. Mtaje mwandishi na mwaka hata pale ambapo maneno ni yako, kwa sababu wazo ni lake. Ukihitaji maneno yake yenyewe, yafunge kwa alama za kunukuu na uweke ukurasa. Usidanganyike na ule mtindo wa kubadilisha neno moja moja, pale penye "kubwa" unaweka "kuu". Sentensi inabaki ya mwenyewe na programu za kukagua huzinasa nyingi. Baada ya kila wazo uliloazima, andika sentensi yako: inakushawishi? Ina pengo gani? Mwanzoni sentensi hizo zitakuwa nyonge, nawe utaona aibu kuziweka karibu na za profesa. Ziweke. Hizo ndizo zinazosahihishwa. Maandishi ya programu za akili mnemba yana hatari ileile, na masharti hutofautiana kati ya kozi na kozi, kwa hiyo uliza kabla ya kuzitumia.

Onyo ulilopewa lichukulie kwa uzito. Katika vyuo vingi kosa la kwanza la mgeni huishia kwenye onyo, ila la pili hupelekwa kwenye kamati, na kamati ina uwezo wa kukusimamisha masomo. Rudi kwa mhadhiri huyo na insha mkononi. Usiende kujitetea. Mwonyeshe aya moja uliyoiandika upya kwa njia niliyokueleza, umuulize kama sasa ndivyo anavyotaka.

Hii inanifikisha kwenye jambo ambalo barua yako imelipita kimya: hujazungumza na mhadhiri hata mmoja kwa hiari yako. Nakuelewa. Sekondari ukiitwa ofisini umekosea. Chuoni ofisi ya mhadhiri ina saa maalumu za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni au ziko kwenye muhtasari wa kozi, na mara nyingi anakaa humo peke yake kwa sababu wote 300 wanamwogopa kama wewe. Usiende na "sielewi chochote". Hajui akushike wapi. Mwandikie kwanza, kwa ufupi:

"Habari Dkt., mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kozi yako ya takwimu. Ningependa kukuona katika saa zako za wanafunzi wiki hii kuhusu swali la nne la jaribio. Nimeambatisha nilivyojaribu kulifanya na nimeonyesha mahali nilipokwama. Asante."

Weka jina na namba yako ya usajili chini. Mhadhiri akipata ujumbe wa namna hiyo, anajua anashughulika na mtu aliyejaribu. Kama kozi ina wahadhiri wasaidizi wanaoendesha semina, anza na hao. Wao walikaa kwenye viti hivyo miaka michache tu iliyopita.

Kazi ya kikundi sitaimaliza kwa mengi. Acha ukiranja. Gaweni sehemu kwa maandishi, kila mmoja na tarehe yake, na kila sehemu iwe na jina la aliyeiandika. Asiyeleta, mweleze mhadhiri kabla ya siku ya kukusanya, si baada ya alama kutoka.

Mwenzako wa chumbani amesema nusu ya ukweli. Ni kweli hakuna atakayekufuata. Lakini wanaofaulu peke yao ni wachache kuliko wanavyojionyesha. Tafuta wawili watatu wa takwimu, hata usiowajua, mkutane siku moja kwa wiki kila mtu akiwa ameshafanya maswali yake. Wakikutana watu ambao hawajafanya kitu, hicho ni kijiwe tu.

Nimemweka mama mwisho kwa makusudi. Akimpigia mkuu wa kitivo, yumkini hatapata kitu. Chuoni mwanafunzi huchukuliwa kuwa mtu mzima na taarifa zake za masomo ni zake. Marekani, kwa mfano, wana sheria ya mwaka 1974 inayoihamisha haki hiyo kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanafunzi anapofikisha miaka 18 au anapojiunga na chuo. Kwingine taratibu zinatofautiana, ila usitarajie ofisi ya kitivo isome alama zako kwenye simu. Kwa hiyo simu yake itamwongezea wasiwasi bila jibu, naye atabaki akijiuliza unaficha nini.

Usilitumie hilo kama pazia la kujifichia. Mama amekupigia kila Jumapili, nawe umempa jibu lilelile. Ana haki ya kutia shaka. Mwambie kabla matokeo hayajamwambia. Usimpelekee kilio kitupu, maana mzazi akisikia kilio bila mpango huja na mpango wake, na wake ndio huo wa kupiga simu. Mwambie: "Mama, nimeanza vibaya. Takwimu nimepata 31, insha imekataliwa kwa sababu niliandika kama sekondari. Nimeomba kuonana na mhadhiri, nimepanga saa zangu upya. Nakuomba usimpigie mkuu wa kitivo, nitazungumza nao mwenyewe, na nitakueleza walichosema." Atapandisha sauti kidogo, ndiyo. Mwache apandishe. Kisha mpe kazi, kwa sababu mama asiye na kazi atajitafutia: akuulize kila Jumapili umejipima nini wiki hiyo, na asiulize kama "uko vizuri".

Ujumbe kwa mhadhiri upeleke leo, upate cha kumweleza mama. Na mpigie wewe Jumamosi, usingoje Jumapili apige yeye.

Mjomba